Kwa Wifi Yangu, Mkunja Mabomba

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya karakana yetu, Daktari Mkuu wa hospitali ambayo vitanda vyake tunavitengeneza sisi, viongozi wa chama cha wafanyakazi, ndugu wageni waalikwa, mafundi wenzangu, na wewe mama yangu mzazi, uliyesukuma kiti chako cha magurudumu hadi mstari wa mbele ukampita hata Mheshimiwa: habari za mchana.

Mimi ni mchomeleaji, si msemaji, lakini anayestaafu leo ni mke wa marehemu kaka yangu, na nisiposema mimi atasema nani? Mnajua yanayosemwa juu ya mawifi. Siku alipoletwa kwetu nilimpima toka juu hadi chini, nikamnong'oneza kaka, "Huyu hata ndoo ya maji hatainua." Kumbe nilikuwa namsema mtu atakayekunja chuma hadi kustaafu.

Ndugu wageni, mmewahi kuukunja mrija wa kunywea soda? Ulibonyea, soda ikakataa kupita, si ndiyo? Bomba la chuma nalo lina tabia hiyohiyo, kwa kuwa ndani ni tupu na halina cha kulishikilia. Wifi yangu hukaanga mchanga kwenye karai hadi ukauke kabisa, maana mchanga wenye unyevu ukipata moto hutoa mvuke ukafyatua kizibo, na hapo kila mtu atafute pa kujificha. Huumimina ndani ya bomba huku akiligonga kwa kipande cha mti, bila haraka, mpaka mchanga ushindilike usiache nafasi na mlio uwe mzito. Huziba huku na huku. Ndipo hulitia moto na kulivuta kufuata kalibu, polepole, akiliambia, "Njoo, mama, njoo." Ndiyo, huongea nalo. Kaka alikuwa akilalamika kwamba bomba linabembelezwa kuliko yeye.

Wiki ile tuliyomzika kaka, tulimsihi wifi akae nyumbani. Akaja kazini. Mama alikuwa ameshaacha kutembea, na kiti chake kilikuwa kinangoja bomba la mgongo. Wifi akamimina mchanga, akaziba, akatia moto, akavuta. Bomba likaingia ndani kama shavu la kibogoyo. Alikuwa amesahau kugonga. Yeye, ambaye hata mezani hugonga kwa kijiko kana kwamba ana bomba mbele yake, alisahau kugonga. Akakaa sakafuni palepale, akasema, "Wifi, ndani mna uwazi." Nikajua hasemi bomba tu.

Hakuna aliyempa pole. Pole zilikuwa zimeshamchosha. Fundi rangi, anayeogopa moto kuliko mtu yeyote ninayemjua, akachukua karai akakaanga mchanga. Fundi magurudumu akagonga. Mlinzi akaacha geti lake akaja kushika ncha. Mimi nikatia moto. Yeye akavuta, machozi yanamtoka, "Njoo, mama, njoo." Likaja, mviringo safi, bila hata kunyanzi moja. Mheshimiwa, ukigeuka kidogo kulia utaliona. Ndilo linalomwegemeza mama mpaka leo.

Sasa wifi, nitazame. Siku ile bomba lilipopoa, uling'oa vizibo ukamwaga mchanga wote, na pindo la bomba halikunyooka. Wewe mwenyewe hutuambia kwamba mchanga hukaa ndani hadi chuma kishike umbo, kisha kazi yake imekwisha. Kaka ametoka. Kazi nayo inatoka leo. Na juzi mezani ukatuambia kwa sauti ya upole, "Kilichonileta kwenu kimekwisha, narudi kwetu." Nani kakwambia undugu wetu haujashika umbo? Miaka yote hii umemwogesha mama, umenigombeza mimi, umewalea wanangu, halafu unataka kuaga kama mpangaji? Nakupenda, wifi. Nalisema mbele za watu kwa sababu nyumbani ungenikatiza uniulize kama nimeanua nguo.

Najua mabegi umeyafunga, na basi linaondoka kesho alfajiri. Mama naye anajua. Asubuhi aliniita chumbani, akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, mimi siwezi kumkimbilia kituoni. Fanya jambo." Bila shaka umejiuliza kwa nini wanangu hawapo ukumbini, wao ambao hawakosi palipo na soda za bure. Wamebaki chumbani kwako, mkaza mjomba wao, wanafungua mabegi na kurudisha nguo kabatini. Tiketi anayo mama, ameikalia, na sijui ni nani humu atakayethubutu kumwinua.

Mheshimiwa, ndugu wageni, mafundi wenzangu, kwa masikio mliyoniazima nawashukuru sana. Na wewe wifi, kama ni kukasirika, twende ukakasirikie nyumbani.