Sasisho Nililolikemea

Sifa kwa Bwana, ndugu zangu. Kwanza mnisamehe kwa mwandiko wangu na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la saba na naandika polepole. Nilitakiwa kusimama mbele yenu Jumapili nitoe ushuhuda, lakini nikisimama mbele za watu sauti inaniishia, kwa hiyo nimeona niandike.

Mimi nachuja asali kwenye ghala moja la Kanyenye, hapa mjini. Wazee wetu walitoka Burundi, nami nimekulia Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi. Mama alihamia ng'ambo na wadogo zangu, mimi nikabaki kumtunza babu. Babu akafariki. Nikaja mjini, nikapanga chumba, na tangu hapo nikitoka kazini hakuna wa kuniuliza nimeshindaje. Mama hana simu. Kila wiki dada mmoja wa kanisani kwake humsaidia kuniandikia barua pepe kwenye kompyuta, nami naisoma kwenye simu yangu. Ndugu zangu, barua hiyo ndiyo ilikuwa nyumbani kwangu.

Mnakumbuka tulivyofundishwa kwenye kikundi chetu cha maombi kuhusu matapeli wa mtandao. Tuliambiwa tusibonyeze kitu tusichokijua. Neno hilo nililishika kwa moyo wote. Simu ilipoleta ujumbe kwamba kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao, kinahitaji kusasishwa kwa usalama, nilikataa. Ukarudi, nikakataa. Programu ya barua pepe nayo ikaomba hivyo hivyo. Nikaweka mkono juu ya simu, nikakemea kwa jina la Yesu.

Kisha barua za mama zikakoma.

Mwanzoni nilisema labda yule dada anaumwa. Baadaye nikaanza kuwawaza wadogo zangu, wanavyokua huko na kusema lugha nyingine, nikaona wameshazoea kuishi bila mimi. Sikuthubutu kumwandikia mama kumwuliza. Niliona aibu kumbembeleza mtu anikumbuke. Kazini nilikuwa nafuta asali mikononi kila mara ili nifungue simu, na hakukuwa na kitu. Nilisali, lakini ilikuwa kama kuongea kwenye chumba kilichohamwa.

Siku moja baada ya misa, Mama Regina, katibu wa kwaya yetu, alinikuta nje ya kanisa. Akanitazama miguuni.

"Wewe unatembea?"

Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Si umeniandikia umelazwa, hata kuongea huwezi? Mimi nakuombea, kumbe unazunguka na viatu vyako!"

Akanionyesha kwenye simu yake. Barua ilitoka kwenye anwani yangu, ina jina langu, inaomba msaada wa hospitali. Mimi sikuiandika.

Alinipeleka kwa Bi Zuwena, mama wa Kiarabu anayetengeneza simu karibu na soko. Aliuliza kwa nini sijasasisha kitu chochote. Nikamweleza yote, hata kukemea. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Kijana, fundi umemfukuza, mwizi umemwachia mlango wazi."

Akanieleza kwamba programu hutengenezwa na watu, na watu huacha matundu bila kujua. Tundu likijulikana, wenye programu hutuma kiraka, na hicho ndicho sasisho. Lakini wezi nao husikia habari za tundu lile, kisha huanza kuwatafuta ambao hawajaziba. Hakuweza kuapa ni ukurasa gani uliowaingiza, ila kivinjari changu kilikuwa na matundu yanayojulikana. Akasasisha kivinjari na programu ya barua pepe, tukabadilisha neno la siri, akawatoa wote waliokuwa wameingia humo.

Halafu akafungua mipangilio ya barua pepe yangu. Wezi walikuwa wameweka amri kwamba kila barua ya mama iende moja kwa moja kwenye takataka, nisiione. Akanirudishia simu.

"Hizi ni zako. Mimi natoka nje kidogo."

Ndugu zangu, mama hakuwahi kuacha kuniandikia! Wezi walimwandikia kwa anwani yangu kwamba nimelazwa na simu yangu imeharibika, ajibu kwa barua pepe hiyo hiyo. Barua ya mwisho ilisema, "Mwanangu, kama umekufa, anayesoma hizi barua aniambie wamekuzika wapi."

Nililia kwenye kile kibanda. Nikaogopa kwamba nikimwandikia, hataamini tena kuwa ni mimi. Bi Zuwena alinishauri nirekodi sauti na kuituma. Mimi huyu! Lakini Bwana alinifungua kinywa. Niliongea Kirundi chetu cha nyumbani, nikamsalimu mama kama nilivyokuwa namsalimu asubuhi, nikamwambia niko hai.

Jibu liliandikwa na yule dada: "Mama amekaa sakafuni anakusikiliza. Hataki tuizime."

Namshukuru Mungu, namshukuru Mama Regina, na Bi Zuwena ambaye si wa dini yetu lakini Mungu alitumia mkono wake. Jioni bado niko peke yangu chumbani, sitawadanganya. Ila sasa najua ukimya ule haukuwa wa mama, wala haukuwa wa Mungu. Wewe unayedhani umesahauliwa, mtumaini Bwana, usione aibu kuuliza. Na sasisho likija, usifuate kiungo ulichotumiwa na mtu. Ingia mwenyewe kwenye duka la programu la simu yako, ukalikubali hapo.

Naomba mniandikie. Mpeni Mama Regina karatasi, ataniletea. Habari yoyote itanifaa, hata ya mvua ya kwenu. Nitawajibu wote.