Fundi Aliyepima Gari kwa Magoti ya Mama Ayuma

Wasikilizaji wapendwa, aliye na sufuria mekoni apunguze moto, na aliye karibu na redio aongeze sauti. Leo tunamkumbuka fundi. Si fundi wa televisheni, si fundi wa nguo. Ni fundi wa springi za magari, Shitanda wa Mukuru kwa Njenga. Shitanda alituacha Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na mmoja. Moyo ulisimama akinywa chai ya saa nne. Jina lake Shitanda, kazi yake springi.

Mimi ni Mbugua, na nakiri mapema kwamba mzee huyu nilimpenda. Alikuwa mbishi ajabu. Ukimwambia mvua inakuja, atakujibu hilo ni wingu tu, mpaka mlowe wote wawili.

Alitoka Malava akiwa kijana, akapata kibarua kwenye kiwanda Industrial Area. Kiwanda kikafungwa. Wenzake wakarudi nyumbani, yeye akabaki, akajifunza springi chini ya malori, mgongo juu ya katoni. Mkewe, Asenath, anacheka akikumbuka. "Mimi nilimjua kwa viatu," ananiambia. "Nikipita pale kila siku naona viatu tu vimetokea chini ya gari. Uso nilikuja kuuona baadaye, na ulikuwa na grisi."

Sasa sikilizeni kisa chenyewe. Habibo ni mkunga, ana kliniki ndogo hapo kwa Njenga. Marehemu baba yake, Mzee Dirie, alimwachia gari kuukuu, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Habibo akaligeuza gari la kupeleka kina mama hospitalini. Lakini mnaijua mvua ya Aprili na njia zetu. Mwaka mmoja gari lilikalia tumbo kwenye matope, mama mwenye uchungu akiwa ndani. Watu wakasukuma, wakachimba, likakataa. Mtoto yule hakuishi.

Habibo aliapa haitatokea tena. Akazunguka madukani kuulizia vifaa vya kuinua gari. Bei alizotajiwa zilishinda gari lenyewe. Ndipo akaelekezwa kwa Shitanda.

"Fundi, nataka gari ipande," akamwambia. "Na sina pesa."

"Pesa ya springi mpya huna, Daktari," Shitanda akajibu. "Basi tutafute springi iliyozeeka vizuri."

Siku tatu alizunguka kwa wauza vyuma chakavu. Akapata springi za pikapu iliyokufa, vile vyuma bapa vinavyopangwa kimoja juu ya kingine kama chapati. Akaongeza viwili kila upande. Akatafuta na shokapu, zile za kuzuia gari lisirukeruke, ndefu zaidi, za mtumba. Kitu kimoja tu alikataa kununua kikiwa kimetumika: mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta ya breki mpaka gurudumu. Gari likiinuka, mpira wa zamani huvutika, na siku moja hukatika. "Springi ya mtumba, sawa," alikuwa akisema. "Breki ya mtumba, nunua pamoja na jeneza."

Kipimo chake kilikuwa kreti ya soda. Aliisimamisha wima, akaisukuma chini ya tumbo la gari. Ikapita bila kugusa. Mafundi wenzake wakapiga makofi, naye Shitanda akatembea siku nzima kifua mbele.

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo alipokosea.

Wiki hiyohiyo mvua ilimwagika. Habibo akaitwa kwa Everline, mimba ya miezi tisa, uchungu umeanza. Gari lilipita kila dimbwi. Lilifika mpaka mlangoni. Everline akainua mguu, haukufika. Akajaribu tena, haukufika. Wanaume wawili wakamshika wamwinue, mmoja akateleza, wote wakaanguka matopeni. Tunamshukuru Mungu, mama na mtoto walitoka salama. Lakini Habibo kesho yake alikuwa gereji, na hakupaza sauti.

"Fundi, gari yako imepanda," akasema. "Mama zangu hawapandi."

Shitanda, yule mbishi wa mawingu, akaenda kuichukua kreti yake. Asenath, aliyekuwa amemletea chakula, akamzuia. "Baba Triza, ulipima chini ya gari. Mlango hukupima."

Akalala tena juu ya katoni yake. Akatoa chuma kimoja kila upande, gari likashuka vidole vitatu. Akachukua vyuma vya kitanda kibovu, akachomelea kidato chini ya mlango, akakivika mpira wa tairi mguu usiteleze. Kisha akamwita Mama Ayuma, muuza uji wa pale kona, ambaye magoti yamemsumbua miaka mingi.

Mama Ayuma alipanda polepole. Akakaa, akajitengeneza leso. "Haya," akasema, "nipelekeni Kakamega."

Tangu siku hiyo hakuna gari lililotoka kwa Shitanda kabla Mama Ayuma hajalipanda. Vijana walioleta magari ya kujionyesha walinung'unika. "Ah, mzee, hii ni ya kupiga picha tu." Shitanda alikuwa akiwajibu, "Hata wewe una mama." Nao walingoja mpaka uji uishe.

Jumamosi tulimzika Malava. Gereji sasa inashikwa na binti yake, Triza, ambaye alisomea kazi hiyo chini ya magari yaleyale.

Kwa Asenath, kwa Triza, kwa jamaa wote, poleni sana. Pengo lenu tunalijua kwa sababu nasi tumelipata. Mola amlaze fundi wetu pema. Nasi tuliobaki tujiulize: kazi ninayojivunia leo, nimemwonyesha yule atakayeitumia? Au nimeonyesha mafundi wenzangu tu, wakanipigia makofi?

Habibo nilimwalika hapa studioni aje amzungumzie Shitanda kwa mdomo wake. Hakuja. Mvua imenyesha tangu alfajiri, akaitwa kwa mama mmoja kule ndani kabisa. Amenipigia simu dakika chache kabla sijaanza kuzungumza nanyi. Nikamwuliza kama wamefika hospitali.

"Tumefika, Mbugua," akasema. "Na mama alipanda mwenyewe."