Mboga Tulizoziita Magugu

Ndugu Katibu wa Kata, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, wageni wetu kutoka Natta na Machochwe, wazee wangu shikamooni, akina mama, ndugu zangu wote:

Nimeombwa nimuage Bibi Efrazia, mwalimu wetu wa lishe, anayestaafu leo. Mlitaka nimsifu. Nitamsifu kwa kujishtaki.

Tulipohamia hapa mwaka sabini na nne, mimi Nyangwine, katibu wa kamati ya usafi na msomaji wa vitabu, niliandika agizo: kila nyumba ing'oe mgagani na mnavu uliojiotea uani, kijiji kipendeze. Bibi Efrazia akanifuata mkutanoni, mbele yenu.

"Ndugu Nyangwine, haya si magugu. Ndani ya ukijani huu kuna rangi ya njano ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Hiyo ndiyo inayolinda chembe hai za jicho zisikauke na kufa."

Nikamjibu, "Mkurya gani anakula chakula cha mbuzi, Bibi?"

Mkacheka. Ndiyo, na wewe Mzee Wangwe, ulicheka mpaka ukakohoa!

"Chekeni," akasema. "Ng'ombe wakikauka maziwa, mtamlisha mtoto nini zaidi ya ugali?"

Ukaja ukame, wakakauka. Kisha ikaja surua, ikakuta miili ya watoto haina akiba. Binti yangu Waisiko, miaka mitatu, akaanza kupapasa bakuli jua likizama. Kioo cha jicho lake la kulia kikakauka, kikapata kidonda, kikapasuka. La kushoto aliliokoa Bibi Efrazia, aliyekuja kwa miguu na vidonge vyake. Hakusema, "Nilikuambia." Nani kati yetu angejizuia?

Tulaumu ukame? Tulaumu surua? Msinitafutie mlango wa kutokea! Jirani yangu Christina alikataa kung'oa mgagani wake, akaupika kila siku kwa samli kidogo. Wanawe wanne waliugua surua ile ile, na wote wanaona.

Na agizo langu? Miaka mitano limebandikwa mlangoni pa ofisi. Juzi mgambo wamefyeka uani kwa Dorka, mwenye mtoto mchanga. Ndugu Katibu, mara tatu nimekuandikia, mara tatu umenijibu kwamba wageni wanapenda kijiji kisafi. Basi asubuhi hii nimelibandua. Hili hapa. Nalichana mbele yako. Ukitaka kunifunga, nifunge, lakini mboga za Dorka ziacheni.

Bibi Efrazia, Waisiko amekaa pale mbele, anakutazama kwa jicho ulilomwachia. Nakushukuru. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza mimi, ambaye sikumsikiliza yeye.