Cephas Wangwe na Mshindi Aliyekuwa Shambani

Swali lililonisumbua kwa miaka sita ni hili: msomaji anapobonyeza jina katika kura ya mtandaoni, humchagua kiongozi, au huchagua sentensi iliyoandikwa chini ya jina? Nalileta leo kwa sababu aliyenipa swali hilo, Mwalimu Cephas Wangwe, anastaafu tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka kumi na minne ya kusimamia kura na tuzo za wasomaji wa blogu yetu ya Ziwa na Mpaka.

Alitujia kutoka Kehancha, alikofundisha hisabati, akaanzisha Tuzo ya Mwakilishi Wadi Bora wa Migori na Homa Bay. Aliwahi kugundua simu moja ya kisiwa cha Mfangano iliyompigia mheshimiwa mmoja kura mia nne kabla ya chai ya saa nne. Alimpigia mwenye simu, akamsihi apumzishe kidole, na hadi leo hajatutajia jina lake.

Mwalimu ni Msabato. Ijumaa moja ya mwaka 2019 aliijaribisha fomu ya kura kwa kuingiza jina la maksai wake wa kulimia, Gisiri. Kwa kuwa hapendi uongo, aliandika sifa za kweli: hulima mashamba ya wajane, hajakosa kazi hata siku moja, hajawahi kumtukana mtu. Jua likazama, Sabato ikaingia kabla hajalifuta jina hilo, naye akazima kompyuta kama kawaida yake. Asubuhi mwenzetu Nyatichi, asiyejua lolote, akaifungua kura kwa umma. Kufikia jioni Gisiri alikuwa akiongoza.

Kanuni aliyoitunga Mwalimu mwenyewe inakataza kufuta jina lililokwisha kupigiwa kura. Mimi, kama mhariri, nilipendekeza tulifute. Akaweka barua ya kujiuzulu mezani kwangu.

"Madam," aliniambia, "ukifuta huyu, kesho utafuta mwingine. Na huyo mwingine atakuwa mtu."

Simu nazo hazikutulia. Risper, muuza samaki wa Kisegi, alitaka kujua: "Huyo Gisiri ni wa wadi gani? Mbona mnamficha? Sisi huku tunamtaka." Oliver, mpiga debe wa mheshimiwa aliyeshika nafasi ya pili, alikuwa ameshasimamisha mahema ya sherehe ya ushindi huko Sori. Alifika ofisini akiwa mnyonge: "Mwalimu, sasa mheshimiwa aambie watu ameshindwa na nani?"

"Na mwenye kufanya kazi," akajibiwa.

Niliirudisha barua bila kuifungua. Tulimtangaza Gisiri kwa kura 3,118, tukieleza waziwazi kwamba ni maksai. Mshindi hakuhudhuria hafla kwa kuwa alikuwa shambani; ngao yake ikapigiliwa kwenye lango la zizi. Hakuna msomaji hata mmoja aliyeandika kudai kwamba alidanganywa.

Hapo ndipo fikra yangu hukwama. Huenda walijua, wakatuchekea. Huenda walimwamini, na hata baada ya kuambiwa ukweli hawakuona sababu ya kubadili nia. Nilimwomba Mwalimu namba zao niwaulize; alikataa, kwani aliwaahidi siri. Fomu yetu iliuliza nani, haikuuliza kwa nini. Sitajua, na nashuku kwamba katika kunyimwa jibu nilifundishwa zaidi kuliko ambavyo lingenifundisha.

Ahsante, Mwalimu, kwa kulinda kura ambazo sisi tuliona aibu kuzihesabu. Tunakutakia afya, mvua ya wakati wake, na simu isiyolia.