Kubana Matumizi Melini

Benchi letu liko ubavuni mwa ghala lililokuwa la chama cha ushirika, upande usiopigwa na upepo. Aliyewahi kukaa Sumbawanga mwezi wa sita hataniuliza kwa nini upande huo. Ghala lenyewe siku hizi limepangishwa kwa muuza mitumba, na mahindi ya wakulima yananunuliwa na watu binafsi wanaokwenda mpaka Laela na malori yao na mizani yao. Hapo Coleta anauza kahawa tangu kunapopambazuka. Adriano hukaa ameegemea ukuta. Alikuwa mpimaji wa ghala hilo mpaka alipopunguzwa kazini. Anayemfuata ni Yusto, tunayemwita Waziri, kwa kuwa hakuna matumizi asiyoweza kuyapunguza, hata yasiyomhusu. Kisha Romani, Kapteni, ambaye aliwahi kwenda Kigoma kwa meli, na kila habari yake lazima ipitie huko. Mimi hukaa mwisho, pale ubao ulipopasuka, na mara nyingi husikiliza tu.

Asubuhi hiyo Adriano alimaliza kikombe chake, akakishika bila kukirudisha, akasema:

— Nataka kumpeleka Josefina akapande meli.

Josefina ni mke wake. Coleta akasimama na buli mkononi.

— Kuna msiba Kigoma?

— Hakuna msiba.

— Mnakwenda kumwona mtoto?

— Mtoto mmoja yuko Mbeya, mwingine Namanyere. Kigoma hatuna mtu.

— Basi dagaa, akasema Romani. Umefikiri vizuri, mzee. Dagaa sasa hivi wana bei.

— Si dagaa. Tutapandia Kasanga, tutafika Kigoma, tutarudi na meli hiyo hiyo. Kutembea tu.

Sisi watu wa huku juu tunasafiri sana, lakini kila safari ina mtu anayetungoja mwisho wake: marehemu, bibi harusi, mgonjwa, padri anayepewa daraja. Kwenda mahali ambapo hakuna hata mmoja anayejua jina lako, kisha ukageuka ukarudi, hilo hatukuwahi kulisikia kwa mtu tunayemfahamu.

— Wazungu ndio hufanya hivyo, akasema Yusto bila dharau. Ila wao wanalipwa wakiwa likizo.

— Nauli ninayo, Waziri. Ya watu wawili, daraja la tatu, kwenda na kurudi. Ndiyo iliyobaki kwenye kiinua mgongo baada ya bati na mbolea. Kinachonitisha ni vile vingine. Nauli unaijua tangu ukiwa nyumbani. Vile vingine unavijua ukiwa umeshaingia, na ukishaingia huwezi kushuka.

Yusto akavua kofia, akaiweka gotini.

— Hapo umekuja penyewe. Kapteni, mwambie ni nini kinakula hela humo.

— Kwanza Kasanga yenyewe, akasema Romani. Meli haina saa. Inaweza kuja leo, inaweza kuja keshokutwa, na wewe unalala nyumba ya wageni unasikilizia honi. Halafu wapagazi. Mzigo wako unabebwa kabla hujaomba, ukiuona tena uko juu na mwenye kuubeba anakudai. Halafu hoteli ya melini. Wali na samaki. Samaki huyo katoka hapo hapo chini yako, ulimwona anaogelea bure, lakini akishapanda juu anakuwa na bei ya Dar es Salaam.

— Na chai?

— Chai usiiguse kabisa.

Yusto alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa, kama fundi aliyeonyeshwa paa linalovuja.

— Nyumba ya wageni msilale. Adriano ni mzee wa kanisa, aende na salamu za padri kwa Wakatoliki wa Kasanga. Mtu aliyebeba salamu hulazwa.

— Salamu gani? akauliza Adriano.

— Zozote. Padri hakatai kusalimia.

— Sasa unamfundisha uongo, akasema Coleta.

— Nimesema aongope? Nimesema aombe salamu. Tukija kwenye mizigo: msiwe nayo. Vaeni nguo zote mwilini.

— Kule ziwani kuna joto, Waziri! akasema Romani. Akivaa makoti mawili ataanguka gatini.

— Aanguke ameshapita wapagazi.

Tukacheka. Adriano hakucheka, lakini hakukasirika pia. Yusto akaendelea, na sauti yake ikawa ya chini na ya uzito, kama ya mtu anayesoma wosia.

— Na Kigoma yenyewe ya nini? Kwenda ni maji, kurudi ni maji yale yale. Shukeni Kipili. Nauli imepungua, chakula kimepungua. Maji Josefina atakuwa ameyaona.

— Na kutoka Kipili mnapata gari la Namanyere, akasema Romani, mnakula kwa mtoto wenu.

— Tena ukiangalia sana, hata Kipili si lazima. Meli ikifika Kasanga si inakaa? Watu si wanapanda kuuza ndizi? Pandeni na ndizi. Mzunguke, mkae kwenye viti vyake, mguse vyuma, mshuke. Kaipanda meli, nauli mnayo mfukoni.

— Na mimi naona hata kushuka Kasanga ni gharama, akasema Romani. Pale juu, kabla gari halijaanza kuteremka, ziwa lote unaliona. Meli ikipita inaonekana kidogo hivi, kama punje. Mnakaa pale na chupa ya chai.

Kwa hiyo kabla kahawa haijapoa tulikuwa tumeitoa safari ya watu Kigoma, tukaileta mpaka kando ya barabara. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Nimeona nyumba zikijengwa hivyo pia. Mtu anaanza na vyumba vinne kwenye mazungumzo, anahamia kwenye jiko.

— Ziwa kutoka juu ameshaliona, akasema Adriano. Akiwa msichana. Baba yake alishuka kununua samaki, yeye akaachwa pale juu alinde baiskeli. Mpaka leo anaisimulia. Alisikia watu wanacheka kule chini.

— Basi ahirisha, akasema Yusto. Mwakani. Sasa hivi biashara imeachiwa, kila mtu anafanya. Mabasi ya watu binafsi yamekuja, meli za watu binafsi nazo zitakuja. Zikianza kugombania abiria, nauli itashuka yenyewe. Wewe ngoja ushindani.

— Watagawa na pipi, akasema Romani. Labda na magodoro.

— Mwakani hataona, akasema Adriano.

— Hataona nini?

— Hataona. Macho.

Akakiweka kikombe chini, polepole.

— Yule daktari wa macho aliyepita hapa baada ya Pasaka alimmulika na kitochi chake. Anasema ni presha ya macho, imekaa siku nyingi. Kilichokwenda hakirudi. Matone yanachelewesha tu. Jicho moja limeshafunga. Na hili jingine, anasema ni kama unachungulia kwenye tundu la ufunguo.

Coleta akakaa juu ya debe lake la maji. Sikuwahi kumwona akikaa wakati wa biashara.

— Ndiyo maana Jumapili alinipita mlangoni kanisani, akasema. Nikafikiri kaninunia. Na mimi nikanuna wiki nzima.

Romani ndiye aliyesema pole, na sisi tukairudia. Na baada ya pole, mtu anasema nini? Kila mmoja hurudia anachokijua, na asubuhi hiyo tulichokijua ni kubana matumizi. Tulirudi huko, ila sasa tulikwenda taratibu, kama watu wanaopita nje ya chumba cha mgonjwa.

— Basi safari ipo, akasema Yusto. Na ni Kigoma, mambo ya Kipili niliyafuta. Tubane mahali panapobanika. Chakula. Bebeni cha nyumbani. Mikate ya ulezi, karanga, mahindi ya kukaanga. Mlango wa ile hoteli msiujue uko wapi.

— Hapo ndipo penye kazi, akasema Adriano. Josefina humwezi kwa chakula cha njiani.

— Kwani hali chakula?

— Anakula. Anakaribisha. Mnajua kwetu, huwezi kufungua chakula mtu akapita ukanyamaza. Lakini ninyi mnamkaribisha mnayemwona. Yeye siku hizi anakaribisha nyayo. Akisikia mtu anapita, karibu. Akisikia kikohozi nje ya uzio, karibu. Anaogopa asije akampita mkwe, au mtu aliyetuzikia. Juzi tumekula na mtoza kodi ya maendeleo. Alikuja kunidai, akajikuta ananawa mikono.

— Akala?

— Akala, akashukuru, akaondoka bila kudai. Akarudi kesho yake.

— Kudai?

— Saa ya chakula.

Romani alikuwa amefumba macho. Nilijua yuko melini.

— Daraja la tatu, ndugu zangu, watu wamelala wamepangwa kama magunia. Huyu anakwenda chooni, yule anatafuta upepo, mwingine anamfuata mtoto wake. Ni nyayo tu. Nyayo mpaka Kigoma.

— Na kila unyayo, karibu, akasema Yusto.

— Kila unyayo.

— Chakula kitaisha kabla hamjaiona Kipili. Halafu hotelini.

Wakati huo alikuwa amefika mtu wa makamo, mwenye fimbo na buti za mpira, blanketi begani. Alitusalimu sote, akachuchumaa mbele ya benchi kwa kuwa hatukuwa tumesogea. Alijitaja kwa Coleta kuwa ni Kashinje, kapandisha ng'ombe mnadani kutoka bondeni, anasubiri gari la kurudi. Wasukuma wamekuwa wengi huku siku hizi, na sisi bado hatujazoea kuwasogelea, wala wao hawajazoea kutuomba. Akapewa kikombe, akanywa kimya. Yusto hakumwona. Yusto alikuwa mbali kwa mawazo.

— Mle chakula mmejifunika shuka, akasema. Wote wawili, kichwani.

— Atasikia tu, akasema Adriano.

— Basi kaeni karibu na injini. Injini inanguruma, nyayo hazisikiki. Si ndiyo, Kapteni?

— Pale hata honi huisikii.

— Umeona? Au mwambie ni sheria ya meli, abiria haruhusiwi kukaribisha. Ataogopa serikali.

— Hajawahi kuiogopa.

— Basi mwambie waliowazunguka ni watu wa Kongo, chakula chetu hawakipendi.

— Atataka kujua wanapenda nini.

— Basi pamba, akasema Yusto. Mtie pamba masikioni. Mwambie ni kwa ajili ya upepo wa ziwani.

Alipolitamka hilo, yeye mwenyewe akaichukua kofia gotini, akaigeuza, akaangalia ndani yake. Tulikuwa tumefika mahali ambapo mama wa watu anafungwa macho na ugonjwa na sisi tunamfunga masikio, ili mikate isiishe. Simlaumu Yusto. Wazo la injini nilikuwa nalo kabla hajalisema. Mtu aliyeishi na kidogo muda mrefu hujifunza kuziba, na mkono ukishazoea kuziba hauulizi tena ni tundu gani.

Kashinje akarudisha kikombe.

— Samahani, wazee, akasema. Huyo mama asipokaribisha watu, humo majini ataongea na nani?

— Na mume wake, akasema Yusto.

Lakini alilisema huku anamtazama Adriano, na sote tukamtazama. Adriano ni mtu mwema, ila maneno yake ya mwaka mzima yangeenea kwenye kikombe cha Coleta. Asubuhi hiyo alikuwa ameongea kuliko alivyoongea tangu Krismasi. Tukamwona katika fikra zetu, ameshika chuma cha meli, milima ya Kongo iko ng'ambo, na mke wake anauliza kuna nini huko. Naye anasema: milima.

Kashinje akaona tunavyomtazama Adriano, akasimama.

— Nimesema vibaya?

— Kaa, bwana, akasema Romani, akajisogeza. Nafasi ikapatikana kati yake na Yusto.

Kashinje akakaa. Adriano alikuwa bado anatazama chini. Halafu akauliza, bila kuinua kichwa:

— Ninyi mkihama na ng'ombe, huko njiani mnakula nini?

— Michembe, mzee. Viazi vitamu, unakata, unaanika juani mpaka vinakuwa vikavu kabisa. Haviozi. Ukitaka unachemsha, ukitaka unatafuna hivyo hivyo.

— Ghali?

— Michembe? Kashinje akacheka kwa mara ya kwanza. Hiyo si kitu cha kuita ghali. Kiroba kimoja mnakula familia na watoto wa jirani.

— Nyayo zote zile? akauliza Romani.

— Hata na watu wa injini.

— Hapa mjini inapatikana? akauliza Adriano.

— Dada yangu anauza, pale pale mnadani. Nikimwambia ni ya safari atakuchagulia.

Adriano akasimama, akajifuta vumbi la ukuta mgongoni kadiri mkono ulivyofika.

— Nipeleke, akasema.

Wakaondoka wakiwa wameongozana, Kashinje mbele na fimbo yake. Coleta akatikisa buli. Lilikuwa limebaki machicha. Yusto alikuwa amevaa kofia yake, anawatazama wanavyoivuka barabara kuelekea mnadani, na midomo yake ilikuwa inacheza kama kawaida yake anapopiga hesabu ya mtu. Nikangoja nisikie atapunguza nini.

Akasimama juu ya benchi.

— Adriano! akaita. Kiroba kimoja hakiwatoshi! Chukua viwili!