Mwalimu Abdias na Ramani ya Madagaska

Leo, tarehe 2 Julai 1999, Mwalimu Abdias Muyisa anastaafu baada ya miaka thelathini na tisa ya kufundisha jiografia katika sekondari yetu ya hapa Butembo. Ameona uhuru, waasi wa aina tatu na maprefe tisa, yaani wakuu wa shule, na wote wamepita. Yeye hakupita, hata tulipomwomba. Prefe amenipa mimi, Katungu Berthe, kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu ndimi nitakayechukua darasa lake. Isitoshe, mwaka 1972 alinipa sifuri, kwa hiyo nina haki ya kusema.

Alianza Septemba 1960, miezi miwili tu baada ya uhuru. Mwalimu Mbelgiji aliyemtangulia alikuwa amekimbia na ramani zote, isipokuwa moja iliyomshinda kubeba: Madagaska, ya kitambaa, pana kuliko kitanda. Mwingine angelalamika. Abdias aliitundika akafundishia dunia nzima. Mlima, mto, mvua, mmomonyoko wa udongo mwekundu, vyote vilikuwa Madagaska. Watoto waliotoka milima ya Alimbongo, ambao okapi wa msitu wetu wenyewe hawajamwona, walijua kwamba indri ni lemuri mkubwa, mnyama kama kima, anayeimba asubuhi, na kwamba karibu nusu ya aina za vinyonga duniani ziko kwenye kisiwa kile. Walijua mababu wa wenyeji walivuka bahari kutoka Asia na Afrika, na kwamba watu wa milimani kule huwatoa wafu wao makaburini, wakawafunga sanda mpya na kucheza nao ngoma. Kwa hilo la wafu wazazi walikuja juu. Aliwakalisha kwenye madawati akawapa somo, wakarudi nyumbani jioni.

Yeye mwenyewe bahari hajaiona. Maji makubwa aliyowahi kuingia na mtumbwi ni ya ziwa kule Vitshumbi, na alitapika.

Mwaka 1964 waasi walipoingia, walichoma kila karatasi iliyonuka Ubelgiji. Komanda wao akafika darasani na kiberiti mkononi. Abdias alisimama mbele ya ramani. Sasa, wapiganaji wale walikuwa wamechanjwa dawa ya kukinga risasi yenye miiko mingi, na mwiko wa komanda huyu ulikuwa kugusa kinyonga. Pale kitambaani wamechorwa vinyonga kumi na mmoja. Aka! Bwana mkubwa alirudi kinyumenyume hadi mlangoni: «Mimi hapana gusa ile kitu! Ile nyama ni mbaya!»

Jeshi liliporudi likauliza mbona vyote vimeungua na hiki kizima. Abdias akalala siku kumi na moja gerezani Beni kama rafiki wa waasi. Aliyemwokoa ni Mzee Asumani, mwenye malori, ambaye tunaye hapa leo. Alikwenda kuapa kwamba mtu huyu hana siasa, ana kisiwa tu. Luteni wa gereza naye akapewa somo. Alimwachilia kabla hawajafika kwenye lemuri.

Basi mwaka huu Abdias alitoa ombi moja: aende nyumbani na ramani yake. Hakutaka saa wala kiti. Tulishika vichwa. Shule haina nyingine, barabara zimekatwa na vita, na Septemba mimi ningeingia darasani mikono mitupu. Lakini nani amkatalie mtu aliyefungwa kwa ajili ya kitambaa? Tulikubali. Darasa la tano likaanza kuninakilia nyingine juu ya turubai kuukuu la lori la Asumani.

Juzi mchana tulizitandika zote mbili uwanjani. Kisiwa kilikuwa sawa, lemuri safi kabisa. Ila wachoraji ni watoto wa wakulima wa Kipese, na Munande, mtu wa kabila letu, hawezi kuona uwanja mkubwa namna ile umelala bure. Bahari yote walikuwa wameilima: matuta ya viazi upande wa mashariki, maharagi upande wa Msumbiji, na mbuzi wawili.

Abdias aliinama juu ya matuta yale. Halafu akafoka: «Nani amepanda viazi mu bahari? Katungu, utafundisha batoto hii uongo?» Akaikunja ramani yake, ile aliyoitaka kuliko kitu chochote, akanisukumia kifuani. Alisema shule haiwezi kubaki na makosa. Ile ya viazi akaiweka begani na kuondoka nayo, akituita wapumbavu hadi kwenye kona ya barabara. Nililia palepale, sioni haya kusema.

Leo asubuhi mke wake, Mama Julie, ametuambia mumewe ameitundika mbele ya kiti chake, hataki mtu afute hata mbuzi mmoja, na ameshaanza kuuliza viazi vile vitavunwa lini.

Wasingya, Mwalimu, asante kwa yote. Mungu akupe miaka mingi na magoti yasiyouma. Pumzika, kula vizuri, na usije kunikagua. Ukija, utanikuta mbele ya kisiwa chako, nafundisha.