Mfupa Uliobaki Tayani

Wapendwa, nivumilieni niseme nikiwa nimekaa, magoti hayanitii. Mimi ndiye niliyekuwa nawaanzishia nyimbo za kanisa, kisha mkaniona nimenyamaza muda mrefu. Leo nasema kwa nini.

Meno yangu ya chini yaliondoka moja moja, kama watu wanavyoaga msibani. Nikapata ya bandia, yale ya kukalia fizi. Yalicheza. Siku moja kwenye kiitikio yakachomoka, yakaangukia mapajani kwa mama wa mbele. Mlicheka, nami nikacheka. Nyumbani nililia.

Mwanangu akanipeleka Mbeya. Daktari, binti mdogo tu, akapiga picha, akasema taya limelika, limebaki jembamba. Akataka kunipandia skrubu fupi mfupani, meno yashikwe hapo. Ndefu, alisema, zingegusa mshipa wa fahamu, mdomo ufe ganzi. Kwa taya kama langu fupi nazo hushika vizuri, mradi kinywa kiwe kisafi.

Sasa babu yenu, marehemu mume wangu, alikuwa mjenzi. Nyumba zake mnazijua, hapa Iyula nyingine mnalala ndani yake. Tulikuwa naye siku hiyo, akamwambia binti, "Mimi shimo la nguzo nachimba mpaka mkono uzame kwapani. Hicho chako cha ukubwa wa ukucha kitashika nini?"

Binti akamjibu kwa adabu, "Babu, mfupa si udongo. Ukiisha, umeisha."

Hakukubali. Nami nilimwamini yeye, maana nyumba yake haijawahi kuniangukia.

Tukaenda Tunduma, tukavuka mpaka, tukampata mtu wa meno wa ng'ambo aliyekubali kuweka ndefu. Lakini alisema lazima kwanza anenepeshe taya kwa unga wa mfupa, nami nisubiri miezi. Nikasubiri. Pale alipopasua kuweka unga pakatunga usaha, uso ukavimba, nikawa mtu wa uji kwa mrija.

Ndipo babu yenu akaanza kuumwa tumbo. Tulidhani vidonda vya tumbo. Ndugu zangu, nawaambia, havikuwa vidonda. Kitandani aliniomba jambo moja: "Mama, siku yangu ikifika, wimbo uanzishe wewe. Usimwachie mtu." Nikamwambia anisubiri nipone. Hakusubiri.

Kaburini mlikuwepo. Mchungaji alinitazama. Nilifungua kinywa, ikatoka damu na mate. Dada mmoja aliyekaa humu akauanzisha, juu mno, pumzi ikamwishia, mkauokoa pamoja. Dada, ulinisitiri. Lakini mume wangu nilimzika nikiwa bubu.

Baada ya hapo nilijifungia. Meno ya nini tena, ya kumwimbia nani? Kina mama wa jumuiya mkaja kuchuma kahawa yangu bila kuitwa. Mkanipondea viazi kama mtoto. Mmoja wenu, mwenye mdomo, akanisukumiza kwenye gari la Mbeya akisema kiburi hakitafunwi.

Yule binti wa Mbeya hakunisimanga. Alinitibu, akasubiri kidonda kipone, akapiga picha nyingine. Akasema, "Bibi, mfupa ulionao unatosha."

Wapendwa, hapo nililia kuliko kaburini. Ulikuwa unatosha tangu siku ile ya kwanza.

Skrubu fupi zimeshika. Hakuniahidi kwamba ni za milele; narudi azitazame, nasugua asubuhi na jioni. Ugali natafuna. Mahindi ya kuchoma amenikataza, nayavizia tu kwa macho.

Babu yenu simlaumu. Alinitakia kitu imara, na uimara aliujua kwa namna moja. Ila mjifunze kwangu: anayekupima akisema kidogo ulichonacho kinatosha, muulize, umuulize tena, lakini usimkatalie kwa ujuzi wa kazi nyingine. Muda tulioutumia kutafuta skrubu ndefu ndio muda babu yenu aliokuwa amebakiwa nao.

Asanteni kwa kahawa, kwa viazi, hata kwa kunisukuma. Binti wa Mbeya, Mungu amtunze.

Ule wimbo wa kaburini sijauimba mpaka leo. Nimeuogopa. Sasa, mkinivumilia, nauanzisha, kwa sauti ya chini, pale babu yenu alipoupenda. Dada, wewe nishikie sauti ya pili.